Bibi Alizaliwa Kambini

Bibi yangu hakuwahi kulala bila kufunga mzigo. Alikaa Temeke zaidi ya miaka arobaini, kwanza katika nyumba ya miti na udongo, baadaye ya matofali, lakini kila usiku akishaswali isha aliingiza sufuria ndogo ndani ya kubwa, akafunga chumvi na kiberiti kwenye pindo la kanga kuukuu, kisha akauegemeza mchi wake nyuma ya mlango. Wajukuu tulikuwa tunacheka. Tukimuuliza anahamia wapi usiku huu, anajibu kwamba ndivyo alivyolelewa na mama yake, na mama yake alifundishwa na kambi.

"Mimi mzaliwa wa kambini," alipenda kusema, kama mwingine asemavyo ni mzaliwa wa Ilala. Kambi gani? Hapo maelezo yakawa mafupi. Mwaka wa maji mengi. Rufiji. Mjerumani anarudi nyuma, Mwingereza anamfuata. Baba Mnyamwezi, askari wa Mjerumani; mama Mndengereko wa Ruaruke. Yeye mwenyewe alipewa jina la masika yaliyokuwa yakinyesha. Basi. Alifariki mwaka 1994, mchi ukiwa pale pale nyuma ya mlango, na mimi kwa uzembe wa ujana sikuwa nimemuuliza hata nusu ya yaliyofaa kuulizwa.

Mwaka wa maji mengi ni 1917. Hilo nililijua baadaye, vitabuni. Ruaruke yenyewe nimefika Juni hii, nikiwa na umri ambao ningeshaitwa babu kama wanangu wangekuwa na haraka.

Magari ya kusini yanapakia Mbagala Rangi Tatu. Nilipata kiti cha dirishani kwenye Coaster iliyojaa vifaranga, mabati na mama mmoja aliyekuwa akigombana na simu yake. Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana. Barabara ni lami tupu, macho hayana kazi ila kuhesabu mikorosho na minazi. Ukifika Jaribu Mpakani, kama jina linavyosema, unaingia upande mwingine: Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji miaka kama kumi iliyopita. Hapo nikasikia maongezi ndani ya gari yakipungua, au labda ni masikio yangu tu. Eneo hili, kati ya 2015 na 2017, wenyeviti wa vijiji na vitongoji walikuwa wakipigwa risasi milangoni kwao usiku, na Aprili 2017 polisi wanane wakauawa kwa siku moja. Pikipiki zilipigwa marufuku kutembea usiku. Mambo yametulia, watu wanalima na kuoana, lakini mgeni anayekuja kuuliza habari za askari anapaswa kujua ameingia nyumba ya nani.

Kibiti mjini nilikula wali na samaki, nikatafuta bodaboda. Kijana aliyenichukua aliniita "mzee wangu" na kunitoza kama mzee asiyejua bei. Tukaiacha lami. Njia ni mchanga, halafu tope lililokauka likashika alama za kwato, halafu mchanga tena. Mara mbili tulisimama kupisha ng'ombe, kundi refu la pembe kubwa, likichungwa na vijana wawili wenye fimbo na redio. Wasukuma, alisema dereva wangu, wamejaa sana siku hizi. Nikanyamaza. Damu yangu ya upande ule si ya mbali na ile.

Katika ofisi ya kijiji kuna kitabu cha wageni, kama ilivyo katika kila ofisi ya kijiji nchini: tarehe, jina, utokako, madhumuni, sahihi. Kwenye madhumuni niliandika "utafiti". Mtendaji akalisoma neno hilo taratibu.

"Utafiti wa nini, mzee?"

"Wa askari."

Akaweka kalamu chini. Nje mtu mmoja aliyekuwa akiongea na simu akaacha kuongea.

"Askari wa zamani," nikawahi. "Wa Mjerumani. Vita vya mwaka kumi na nne."

Akacheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na yule wa nje akaendelea na simu yake. Mtendaji akatuma mtoto amwite mzee mmoja. Mtoto akarudi na jibu kwamba mzee haitwi, mzee hufuatwa.

Tulimkuta chini ya mwembe, anasuka kamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza swali ambalo pwani ndilo la kwanza na la mwisho: "Kwenu wapi?"

"Temeke."

"Temeke si kwao mtu. Kwenu wapi?"

Nikamweleza. Bibi yangu mama yake wa hapa hapa, baba yake Mnyamwezi wa Tabora. Alipolisikia hilo la pili akaiachia kamba. "Mnyamwezi! Kwanza mlikuja na meno ya tembo ya watu, halafu mkaja na bunduki ya watu, sasa mnakuja na ng'ombe. Safari hii umeleta nini?" Watu wa pwani na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo nilijua kwamba nimeshakaribishwa. Nilikuwa nimeleta sukari na majani ya chai.

Jina la bibi hakulijua. La mama yake pia hakulijua. Alizaliwa baada ya vita vile kwa zaidi ya miaka ishirini, na alichonacho ni alichoachiwa na baba yake, aliyekuwa mtoto wa kuchunga ndege shambani wakati huo. Lakini manowari aliijua. Anaitaja hivyo tu, "manowari", bila jina, kana kwamba duniani ilipata kuwepo moja.

Ilikuwa ya Mjerumani, na kwa jina iliitwa Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha meli ya Kiingereza, Pegasus, mbele ya mji wa Zanzibar, kisha ikarudi kujificha ndani ya delta ya Rufiji, upande wa Salale, mashine ikiwa mbovu na makaa ya mawe yakiwa haba. Sehemu za mashine zilikokotwa kwa nguvu za watu kutoka huku hadi Dar es Salaam zikatengenezwe, halafu zikakokotwa kurudi. Barabara ile niliyoipita kwenye Coaster nikilalamikia vifaranga, wenzetu waliipita wakivuta chuma. Mwisho wa Oktoba Waingereza wakaigundua, wakaziba mlango mmoja wa mto, Simba Uranga, kwa kuzamisha meli kuukuu. Manowari ikakaa ndani kama mamba kwenye kidimbwi hadi Julai 1915, zilipoletwa Severn na Mersey, meli za kina kifupi za kupita maji madogo. Waingereza walijaribu tarehe 6 wakashindwa, tarehe 11 wakafaulu. Mabaharia waliobaki wakaizamisha wenyewe, kisha wakaing'oa mizinga yake kumi majini na kuipeleka kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo, na watoto wa shule wanaupandia kupiga picha.

Hayo ya manowari yameandikwa na kuandikwa tena, na Wazungu hawajachoka nayo. Mimi nilitaka kujua nani alikuwa anapika.

Maana delta katika miezi ile ilikuwa na jeshi zima. Kwenye kila mdomo wa mto kulichimbwa mahandaki ndani ya mikoko, wakawekwa mabaharia, Wajerumani walioitwa kutoka mashambani, na askari weusi. Mikoko haina maji ya kunywa. Haina kuni kavu. Chini ni tope, juu ni mbu, na maji ya bahari hupanda mara mbili kwa siku bila kuuliza nani amelala. Katika mahali kama pale, mtu anayejua kisima kiko wapi, njia gani haizami, na kamba hukaushwaje wasioze, ana thamani kuliko bunduki. Na mtu huyo, mara nyingi, alikuwa msichana wa hapa.

"Walikuwa wanakuja kuposa?" nilimuuliza mzee.

"Wengine waliposa," alisema. Akasuka kidogo. "Wengine hawakuposa."

Jeshi la Mjerumani halikuwa jeshi la wanaume peke yao. Tangu Hermann von Wissmann alipoliunda mwaka 1889 kwa Wasudani walioandikishwa Cairo, lilikuwa linatembea na nyumba zake. Wasudani walileta wake na watoto, wakaleta na majina ya vyeo yaliyokaa vinywani mwa watu miaka mingi: ombasha, shaushi, sol, efendi. Kando ya kila boma kulikuwa na kijiji cha askari, nyumba kwa nyumba, kila moja na mke, watoto, ndugu wa kufikia, na boi wa kumbebea bwana vitu vyake. Mshahara ulianzia rupia 20 kwa mwezi, pesa ambayo mpagazi au kibarua wa shambani aliisikia tu. Mwanahistoria Michelle Moyd, aliyetoa kitabu juu ya askari hawa mwaka 2014, ndiye aliyenionyesha kwamba mtu hakuwa askari kwa bunduki tu. Aliingia jeshini apate kuwa mtu mkubwa, mwenye mji wake na watu wanaomtegemea.

Sasa tazama kambi inavyoendeshwa. Serikali inatoa posho: unga, au mtama usiosagwa, au mpunga usiokobolewa. Haitoi chakula. Kati ya mtama na ugali kuna kinu, mchi, maji, kuni, moto na saa mbili za kazi ya mtu. Askari asiye na mke alikuwa na punje mfukoni na njaa tumboni. Kombania ikifika mahali jioni, mwanamume anaweka bunduki na kupanga zamu. Mwanamke anajenga kibanda cha matawi, anatafuta maji, anatwanga. Usiku posho ikiwa imetolewa kunapigwa ngoma, na wake wenza wanagombana. Alfajiri mzigo unafungwa: sufuria, mkeka, kuku miguu juu, mtoto mgongoni, mchi kichwani. Msafara unatembea na mstari wake wa nyuma, wanawake na watoto na maboi, mrefu kuliko mstari wa bunduki. Watoto walizaliwa njiani, mama akipumzika kidogo kisha akiwafuata wenzake. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wao katika vita hivyo, ameyaandika hayo kwa mshangao fulani.

Jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, kwa kawaida liliwaacha wake nyuma likienda vitani. Wapo wanaousifu utaratibu wa Mjerumani kwa sababu hiyo, kwamba uliwaweka askari karibu na watu wao, ndiyo maana hawakutoroka kwa wingi. Sifa hiyo inanisumbua. Ukimwambia mtu akitoroka lazima atoroke na mke, watoto watatu na kinu, umemfunga kamba ndefu tu.

Kuna pia jambo zito zaidi, ambalo bibi hakuligusa kamwe. Miaka kumi kabla ya manowari, askari hao hao ndio walioichoma nchi hii. Ngarambe, alikotokea Kinjekitile Ngwale na maji yake, iko huku huku Rufiji. Mohoro, aliponyongwa Kinjekitile tarehe 4 Agosti 1905, iko ng'ambo ya mto. Vita vya Majimaji vilipozimwa, vilizimwa kwa moto na njaa: maghala yalichomwa, mashamba yakafyekwa, na waliokufa kusini nzima wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000, wengi wao kwa kukosa chakula. Wanawake walichukuliwa mateka, na baadhi yao wakawa "wake wa askari". Mama yake bibi, nikipiga hesabu, alikuwa mtoto wa miaka saba au minane wakati huo. Aliwaona. Akawa mwali, na mwaka 1915 mmoja wao akasimama mlangoni kwao.

Aliposwa au hakuposwa? Nimelibeba swali hilo miaka mingi, na nilitaka mzee anijibu kwa niaba ya marehemu. Hakunijibu. Alinisimulia badala yake kuhusu babu yake mzaa mama, aliyekuwa na dada aliyeolewa na askari. Ndoa ilikuwa ya kheri, mahari ilitolewa, watu walikula. Mwaka 1917 Waingereza walipoingia, yule kaka akakamatwa njiani, akafungiwa mzigo wa unga kichwani na kuambiwa atembee. Akatembea kusini nyuma ya jeshi lililokuwa likimfukuza shemeji yake. Unga aliobeba uliwalisha watu waliokuwa wakimtafuta mume wa dada yake wamuue, na dada yake alikuwa huko mbele, na mtoto mgongoni.

"Alirudi?"

"Babu alirudi. Miguu haikuwa miguu tena."

Wapagazi waliokufa upande wa Mwingereza peke yake wanakadiriwa kupita 90,000. Dar es Salaam tuna soko lenye jina lao, Kariakoo, na tunakwenda pale kununua vitenge.

Na kama ukoo haujachanganyika vya kutosha, kuna la mwaka huo huo wa 1917: Waingereza waliunda upya kikosi cha sita cha King's African Rifles kwa kuwatumia askari waliotekwa kutoka kwa Mjerumani. Mtu aliyekuwa ombasha wa upande mmoja mwezi wa tatu, baada ya miezi michache alikuwa upande wa pili, akiwalenga aliokula nao. Vitabu vya shule vinaiita Vita vya Kwanza vya Dunia. Mzee wa Ruaruke ana jina lake. "Hivi vilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe," aliniambia, "ila ugomvi ulikuwa wa watu wengine."

Mvua za 1917 zilianza mapema na hazikujua kukoma. Januari mapigano yalikuwa ya juu mtoni: tarehe 4, huko Beho Beho, aliuawa Frederick Selous, mwindaji maarufu aliyejiunga na jeshi akiwa mzee wa miaka sitini na kitu. Kaburi lake lipo, na hifadhi kubwa ikaitwa kwa jina lake hadi sehemu yake ilipogeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kisha mto ukafurika, bonde likawa ziwa, na majeshi yote mawili yakakwama yakitazamana kwa njaa. Wanijeria walioletwa na Mwingereza walikaa wiki na wiki kwa posho ya kumtosha ndege. Wajerumani walikula mafuta ya kiboko. Mahindi yalivunwa mabichi kwenye mashamba ya watu, na watu wenyewe, baba yake mzee wangu na wenzake, walichimba mizizi.

Ndipo jenerali alipoamua kupunguza midomo. Anaeleza katika kumbukumbu zake, alizochapisha mwaka 1920, kwamba kambi za Rufiji zilikuwa na wanawake wengi mno, akaamuru wapelekwe kusini, chini ya usimamizi wa Mzungu. Wakaondoka. Baada ya mwendo mfupi wakakaa chini. Wakadai posho zaidi, na wengine wakampiga Mzungu aliyekuwa akiwaongoza.

Niliposoma sehemu hiyo mara ya kwanza, usiku, Temeke, katika chumba kile kile alichokuwa akilala bibi, nilicheka hadi mke wangu akaamka. Jenerali anaisimulia kama kero ndogo ya utawala. Kwangu ni habari kubwa kuliko mizinga kumi ya manowari. Mwanajeshi angefanya vile angepigwa risasi. Hawa hawakuwa na cheo, hawakuwa kwenye daftari la mshahara, na jeshi zima lilikuwa linajua kwamba bila wao mtama utabaki mtama. Huo ulikuwa mgomo. Kama mama yake bibi alikuwepo, na mimba kubwa au mtoto mchanga, sina namna ya kuthibitisha, lakini siku zile bibi alipokuwa akimfukuza mwenye duka aliyepunja kilo, nilikuwa namwona mtu aliyejifunza mahali.

Mzee aliagiza nilale kwake. Jioni nilisikia mchi ukilia nyumba ya pili, nikaenda kusalimu. Alikuwepo bibi mmoja mwembamba, mjane, na wajukuu wake wawili wa kike wakitwanga kwa zamu. Nilikaribishwa kigoda. Taa ya sola iliwashwa, na kwa mwanga wake nikaona pembeni ya mlango: sufuria ndani ya sufuria, mkeka umekunjwa na kufungwa, na kanga kuukuu yenye mafundo mawili kwenye pindo.

Nilikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba akaniuliza kama naumwa.

"Bibi, ule mzigo wa nini?"

"Mzigo wa maji," alisema, kama anaulizwa jua hutoka wapi. Mto ukija usiku hausubiri mtu apange vyombo. Mashamba yao ya mpunga yako bondeni, huko watu hulala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, na masika mtu wa bonde hufunga vyombo kila jioni. Mama yake alikuwa akifunga, bibi yake alikuwa akifunga. Serikali iliwahi kuwahamisha watu wengi kutoka bondeni baada ya mafuriko ya 1968, wakawekwa kwenye vijiji vya juu, lakini mashamba hayakuhama, na Aprili 2024 maji yalipokuja tena Rufiji na Kibiti, alisema, waliofunga mizigo walitoka na sufuria zao. "Na chumvi," akaongeza mjukuu mmoja bila kuacha kutwanga. "Chumvi ndiyo ya kwanza kwenda."

Basi bibi yangu alikosea, au alifichwa. Kambi haikumfundisha mama yake kitu. Alikwenda nacho kambini, kutoka hapa, kutoka kwenye tope hili, na nadhani wake wa askari waliotoka Tabora, Manyema na Songea, wasiojua mto unaokuja usiku, walimwona msichana wa Kindengereko anafunga vyombo kila jioni na wakaanza kufunga. Sina ushahidi. Nina kanga mbili tu zenye mafundo, moja Temeke na moja Ruaruke.

Asubuhi nilichukuliwa hadi kwenye maji. Mtumbwi, mikoko pande zote, kamba wanaruka. Kijana aliyekuwa akipiga kasia alinyoosha mkono kuelekea mahali ambapo, alisema, wazee walikuwa wakionyesha manowari. Hakuna kitu. Mabaki yalionekana kwa miongo kadhaa, wachuma chuma wakayakata walivyoweza, na tope likameza mengine. Nilijaribu kujisikia nimefika mahali pa kihistoria, nikajisikia ninaumwa na mbu.

Kuhusu baba yake bibi: hakurudi Rufiji. Jeshi la mwisho la Mjerumani lilisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, likiwa na Wajerumani 155 na askari weusi zaidi ya 1,100, pamoja na wapagazi na wanawake waliofuata mpaka siku ile. Askari walipelekwa Tabora kushikiliwa, na mafua makali ya mwaka ule yakawapitia. Kama alikuwa miongoni mwao, basi alikufa au kupona akiwa kwao. Mke wake alikuwa ameshaachana na msafara na kurudi kwa mama yake, na binti mgongoni. Bibi alikulia Ruaruke hadi alipoolewa na mvuvi, akahamia mjini. Mchi ulikwenda naye.

Nilikwenda ofisini kuaga. Mzee alinisindikiza, jambo ambalo mtendaji aliliona kuwa si la kawaida, akasimama. Mzee akaomba kitabu cha wageni. Hasomi vizuri, macho yameisha, kwa hiyo akamwambia mtendaji amsomee nilichokiandika jana. Mtendaji akasoma: jina langu, Temeke, utafiti.

"Utafiti!" alisema mzee. "Mnyamwezi huyu anatafiti nyumbani kwao? Futa."

Mtendaji akasema kitabu cha serikali hakifutwi.

"Basi kata mstari, uandike pembeni."

Akakata mstari. Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo kwa sababu nafasi ilikuwa finyu: kusalimia ndugu. Nikaweka sahihi mara ya pili. Nauli ya bodaboda kurudi Kibiti ilikuwa nusu ya ile ya kuja.